Jiwe la Mayatima Chini ya Barabara

Wametupokeza waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba zama za wacha Mungu palikuwa na mji mdogo uitwao Qasabiya, uliozungukwa na kinamasi. Masika yakiingia, mgonjwa hafiki kwa tabibu wala maiti hafiki makaburini. Mji haukuwa na hazina. Tajiri mmoja, Mughira, alijitolea kujenga barabara ya mawe kwa mali yake, kwa sharti kwamba kila mpitaji amlipe ushuru, yeye na kizazi chake, mpaka Kiyama. Watu wakasema, "Astaghfirullah! Tulipe hata tukibeba jeneza?"

Wakakubaliana kila nyumba itoe jiwe moja, na mtoaji atamke kwa kinywa chake mbele ya msimamizi kwamba ametoa kwa radhi. Jiwe lisilotamkiwa lisilazwe njiani. Mughira akawaambia, "Haya. Ila masika yakiikuta barabara haijakamilika, naijenga mimi, kwa sharti langu." Wakaridhia.

Msimamizi alikuwa Shuaibu bin Labid, mtu wa swala na saumu, lakini mwenye pupa ya kheri. Ndiyo, kheri nayo ina pupa yake! Mawingu yakaanza kujikusanya na pengo moja limebaki. Akabisha hodi kwa Bi Rumaisa, mjane aliyetoka kufiwa, aliyekuwa akiwalisha wanawe kwa kuwasagia watu nafaka. Jiwe lake la kusagia lilikuwa pale mlangoni, pana na zuri. Shuaibu akaliomba. Mwanamke yule akainamisha uso, asiseme neno.

Shuaibu alikuwa mfungishaji ndoa, naye alijua kwamba bikira akiulizwa juu ya mchumba akanyamaza, kimya chake ni idhini. Basi akaichukua hukumu ya ndoa akaivika mali ya watu! "Kimya chako ndiyo ridhaa yako, bibi," akasema, akalibeba jiwe akaenda zake.

Barabara ikakamilika, watu wakapiga takbiri, Mughira akarudi kwake amenuna.

Kesho yake, jua la utosi, wapitaji wakasikia chini ya nyayo zao jiwe likisaga. Lilisaga polepole, bila kukoma, kama linasukumwa na mtu aliyechoka. Punda wakagoma kuvuka. Waliovuka walitazama visigino vyao wakaona weupe wa unga, na hapana aliyemwaga unga njiani. Mama mmoja aliunusa akaanza kulia, asijue analilia nini. Wakasema ni majini wa kinamasi, ikasomwa Yasini pale, na jiwe likasaga vilevile.

Shuaibu alijua. Alilisikia mara moja tu, ikamtosha. Nafsi ikamnong'oneza: "Nyamaza. Ukilichimbua, mvua itaingia pengoni, barabara itabomoka, na mji wote utakuwa mikononi mwa Mughira. Jiwe la mjane mmoja, na umma mzima!" Akanyamaza. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Sauti ikamfuata nyumbani, ikawa chini ya mkeka wake. Ikaingia naye msikitini. Akisujudu, anaisikia pale pale chini ya paji lake la uso, mpaka akasahau rakaa. Aliogopa, wallahi, aliogopa kufa akiwa nayo.

Ijumaa akasimama mbele ya watu. "Jamaa zangu, Bi Rumaisa hakutamka. Nimemdhulumu, kisha nikawapitisha nyote juu ya dhuluma yangu."

Mughira akacheka. "Chimbueni basi! Mvua hiyo inakuja."

Imamu akasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Chimbua, Shuaibu."

Wakachimbua. Jiwe lilikuwa na joto, na chini yake, katikati ya tope, palikuwa na unga mkavu. Hakuna aliyethubutu kuugusa. Shuaibu akang'oa kizingiti cha jiwe cha mlango wake mwenyewe akakilaza pengoni, na lile jiwe akalibeba kichwani mpaka kwa mjane.

"Nisamehe, dada yangu."

"Mimi nimekusamehe, Sheikh," akajibu. "Lakini jiwe ni urithi wa wanangu kwa baba yao. Siku ile uchungu ulinikaba koo, na hata ningesema ndiyo, halikuwa langu kutoa. Haki ya yatima siwezi kuisamehe mimi. Ngoja wabaleghe, uwaombe wenyewe."

Masika yakapiga, barabara ikasimama, Mughira asipate ushuru wake. Watu hawakusikia tena kitu. Shuaibu peke yake aliendelea kusikia, kila alipokanyaga. Akawa kila baada ya Alasiri huenda kwa mjane, hukaa nje mlangoni, akawasagia mayatima wale kwa mikono yake, mpaka viganja vikaota sugu na ndevu zikawa nyeupe.

Wakubwa wakabaleghe, wakasamehe. Sauti haikukoma. Akabaki kitinda mimba, Hujaima. Siku alipofikia utu uzima, Shuaibu alimweleza yote mbele ya mama yake.

Binti akamtazama kwa mshangao. "Wewe ulichukua jiwe letu? Mimi tangu nipate akili nakuona wewe ndiye unayetusagia. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndiye baba." Machozi yakamlenga. "Nimekusamehe, Ami, duniani na Akhera."

Shuaibu akainuka, akatembea hatua chache akitega sikio. Hakusikia kitu. Akaketi chini palepale akalia kama mtoto.

Ndugu zangu, kujenga njia ya watu ni thawabu kubwa, na miji midogo haijengwi ila kwa kuchangiana. Lakini kabla hujalaza jiwe, jua limetoka kwa nani. Mola atuepushe na sadaka tunayoitoa kwa mali ya mwenzetu.