Babu Aliyevaa Jina la Mjukuu

"Jina la mtoto, mvishe babu kwanza."

Maneno hayo Mzee Kudra aliyasema huku akipukuchua mahindi, wala hakuinua macho. Mjukuu wake Sefu na mkewe Ashura walikuwa wamekuja kumpa habari njema: mtoto wao, ambaye alitarajiwa kuzaliwa mwezi uliofuata, awe wa kike au wa kiume, angeitwa Switi. Walitegemea mzee atafurahi, badala yake wakapewa methali. Sefu akauliza imetoka wapi, maana shuleni hakuwahi kuisikia. Mzee akamjibu kuwa shule haiwezi kufundisha kila kitu, akawasogezea mkeka na hindi moja kila mtu wapukuchue, kwa sababu hadithi haimzuii mtu kufanya kazi.

Methali hii ilianzia Kwembago, kijiji cha mlimani chenye migomba mingi na mfereji mmoja wa maji, na mwanzo wake ulikuwa kitumbua.

Katika kijiji hicho aliishi Mzee Singano, mtu wa maneno machache na kofia safi. Watu wakigombania zamu ya maji ya mfereji, walikwenda kwake. Wakitaka kuposa, walimwomba awe msemaji wao, kwa kuwa hapakuwa na baba wa binti aliyewahi kumfungia mlango. Mwanawe wa pekee alikuwa Mhina. Mhina alimwoa Mwajabu, na mwaka baada ya mwaka wakakaa bila mtoto. Dawa walikunywa, dua waliomba, na maneno ya walimwengu waliyameza kimyakimya. Mpaka siku moja, watu walipokwisha kuchoka hata kuwasema, Mwajabu akapata mimba.

Mimba ile ilikuwa na tamaa moja tu, nayo ni vitumbua. Kila asubuhi Mhina aliteremka bondeni kwa mama mmoja aliyekuwa akivipika, akapanda navyo mlima vimefungwa kwenye jani la mgomba, bado vina moto. Mvua ilimnyeshea, utelezi ukamwangusha, na walioshuhudia wanasema alipoanguka aliinua mkono wenye vitumbua juu, mwili wote ukaenda matopeni. Basi alipozaliwa mtoto wa kiume, mviringo, laini, mashavu yamejaa, Mhina alimtazama mara moja tu akasema huyu ni Kitumbua. Mwajabu akacheka mpaka machozi yakamtoka. Likawa ndilo jina.

Sasa, desturi ya Kwembago ilikuwa hivi. Kitovu kikishaanguka, mtoto hutolewa nje watu wamwone. Jina ni la wazazi kuchagua na hakuna wa kuwaingilia. Lakini anayelitamka ni babu mzaa baba, amesimama kizingitini, na akishalitamka halirudi tena ndani. Mambo ya mtu kuwa na jina la nyumbani na jina la mbele za watu hayakuwako kwao. Jina lilikuwa moja, la kubembelezewa na la kuzikiwa.

Mzee Singano alipoambiwa jina alilopaswa kulitamka, alitazama pembeni kidogo. Alimwona mjukuu wake miaka sitini mbele, mvi zimemjaa, ameketi na wazee wenzake, na watu wanaulizana Kitumbua anasemaje. Alitaka kukataa. Kisha akautazama uso wa mwanawe. Tangu aoe, Mhina hakuwa amecheka kwa meno yote namna ile, na Singano hakuwa na moyo wa kuwa yeye ndiye wa kuizima furaha hiyo. Wala haki ya kukataa hakuwa nayo. Alikaa akifikiri mpaka uji aliopewa ukapoa.

Mwishoni akaomba jambo moja. Alisema kinywa chake ni cha kizee, hakiwezi kubeba jina geni kwa ghafla. Kwa hiyo, mpaka kitovu kianguke, wamwite yeye Kitumbua ili alizoee. Mhina aliona hiyo ni heshima kubwa, akazunguka kijiji kizima akiwatangazia watu, na watu hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Kwanza ilikuwa furaha tupu. Watoto walimwita kutoka migombani. Wanawake waliotoka mtoni waliweka ndoo chini ili wamsalimie vizuri, shikamoo Mzee Kitumbua, naye akawaitikia marahaba bila kupepesa macho. Kisha wakaja majirani wawili wenye ugomvi wa maji. Mmoja akaanza kueleza vizuri kabisa, "Mzee Kitumbua, huyu mwenzangu..." na hapo hapo akashindwa kuendelea. Mwenzake akashika mbavu. Walicheka wote wawili mpaka wakaondoka bila kuamuliwa, na maji yakaendelea kwenda kwenye shamba la mtu wa tatu ambaye hata kesi hakuwa nayo.

Singano alicheka nao, lakini ndani aliumia. Aligundua kuwa jina humfanyia mtu kazi hata akiwa amenyamaza. Ushauri wake ulikuwa uleule na kofia ilikuwa ileile, ila watu walimtazama mashavu badala ya kumsikiliza. Hakumwambia mwanawe neno lolote. Alingoja tu siku ya posa, ambayo ilikuwa imepangwa zamani.

Siku hiyo ilipofika, ujumbe ulivuka bonde kwenda kumposea binamu yake Mhina kwa Mzee Mdoe, mtu mkali mwenye binti mmoja. Kwa desturi, wageni wa posa hawaketi kabla ya kutajwa, na anayewataja ni mdogo wao. Mdogo wao siku hiyo alikuwa Mhina. Wakasimama uani wakiwa wamevaa kanzu zao, na Mzee Mdoe akauliza msemaji wao ni nani.

Mhina akafungua kinywa, jina likakwama. Akamtazama baba yake.

"Mtaje," Singano akasema kwa upole. "Mwenyeji anangoja."

"Anaitwa," Mhina akasema, akainamisha kichwa. "Anaitwa Mzee Kitumbua."

Nyuma ya ukuta, walikokuwa wanawake, mtu mmoja akaangusha kikombe kwa kicheko. Mzee Mdoe hakucheka, na hilo ndilo lilikuwa baya zaidi.

"Kijana, mimi nina binti mmoja," akasema. "Mmekuja kuposa, au mmekuja kuchezea mlango wangu?"

Mhina akahisi uso umewaka moto. Yule aliyesimama pale akidharauliwa ndiye aliyepatanisha kijiji kizima, na aliyemdharaulisha ni yeye, mwanawe, kwa kinywa chake. Akapiga magoti palepale uani.

"Baba, nisamehe. Livue jina hili."

"Mimi nitalivua leo jioni, mwanangu," Singano akamjibu. "Nimelivaa siku chache tu na mabega yananiuma. Mwanao naye, utamwambia alivulie wapi?"

Mhina alilia, na hakuona haya kulia mbele ya wakwe watarajiwa wa binamu yake. Kisha akainuka, akafuta uso, akamgeukia mwenyeji. Alimweleza kwamba huyo ni Mzee Singano wa Kwembago, na kwamba Kitumbua ni jina alilotaka yeye kumpa mtoto wake wa kwanza, na baba yake amelibeba ili yeye auone uzito wake.

Mzee Mdoe alimtazama Singano kwa muda, kofia mpaka viatu. Hatimaye akacheka, kicheko kikubwa kuliko cha wanawake wa nyuma ya ukuta. Alisema nyumba ambayo babu anakubali kuaibika ili mjukuu asiaibike, binti yake akienda huko hatapata tabu. Akawakaribisha mkekani. Chai ikaletwa, na wanawake wale, kwa ukorofi wao, wakaleta na sahani ya vitumbua. Singano akala viwili akavisifu.

Mhina aliporudi nyumbani alimsimulia mkewe yote. Mwajabu alimkumbatia mtoto kifuani, maana alikuwa amekwisha kulipenda lile jina. Kisha akasema kuwa miaka yote ile hawakuwa wakingoja kitumbua, walikuwa wakingoja kudra ya Mungu. Kudra. Wakalirudia wote wawili polepole, lakini safari hii hawakuyaamini masikio yao wenyewe. Asubuhi Mwajabu akaita kutoka jikoni, "Mzee Kudra, karibu uji." Singano, aliyekuwa akifagia uani, akaweka ufagio chini na kwenda kunawa mikono. Alikumbuka kuwa hilo si jina lake akiwa amekwisha kuketi.

Kitovu kilipoanguka, alisimama kizingitini akalitamka jina la mjukuu wake, mara moja, kwa sauti ya kusikika hadi mferejini. Ila Kwembago haikumwachia la kwake. Mpaka anakufa, watoto wa kijiji walimwita Babu Kitumbua, na wa kwanza kati yao alikuwa mjukuu wake. Hakuwahi kuwakataza.

Mzee Kudra akachukua hindi jingine, akaendelea kupukuchua. Sefu na Ashura walimtazama mzee yule mwenye ndevu nyeupe, ambaye wiki iliyopita tu alikuwa ameitwa kuamua ugomvi wa mpaka, na hakuna aliyethubutu kucheka alipotajwa. Mahindi yao yalikuwa bado hayajapungua hata nusu.

Asubuhi yake Ashura alikuwa wa kwanza kuamka. Alichemsha chai, akapanga vikombe, akavuta pumzi.

"Babu Switi," akaita, "chai tayari."

Mzee Kudra akatokea taratibu na fimbo yake, akaketi, akazipangusa ndevu zake.

"Asante, mke wangu," akasema. "Lakini mkate huu utie kwenye chai. Switi hana meno."

Sefu alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. Kisha kicheko kikamwisha, akalitazama tumbo la mkewe. Ashura naye alikuwa ameweka mkono juu yake, kama mtu anayemwomba mwenzake radhi.

"Hapana," akasema. "Tutafute jingine."

"Na tukilipata?" mzee akauliza.

"Tutakuletea, Babu," Ashura akajibu. "Jina la mtoto, mvishe babu kwanza."