Waya na Pistoni

"Waya haujazi kalibu, pistoni haipandi mlima." Vijana walipouliza maneno hayo yalitoka wapi, Bi Kidawa aliweka kikombe chini. Yalitoka hapahapa Mombo, akasema, na chanzo chake ni hiki.

Mwasiti alirithi tanuri la baba yake la kuyeyushia alumini, pamoja na mwiko wake: marundo mawili ya alumini yasichanganywe. Yeye alichambua nyaya kuukuu za umeme. Wifi yake, Nuruana, alichambua pistoni za magari.

Mwaka mmoja, mdogo wake Mwasiti alikuwa mjamzito huko mlimani. Uzazi wa kwanza aliteremshwa kwa machela, akampoteza mtoto njiani. Mwasiti akaazimia kuunda bajaji nyepesi ya umeme ya kumfuata. Kilichobaki ni moyo wa mota, wenye vijiti vyembamba vya alumini vya kupitishia umeme.

"Hakuna kinachopitisha umeme kama waya," alisema, akasubu waya mtupu: akauyeyusha, akaumimina kwenye kalibu, umbo la udongo lenye nafasi za vijiti. Uji ule ulimeremeta kama mwezi ulioyeyuka, lakini ukaganda kabla ya kufika nchani. Vijiti vilitoka vifupi, vina nyufa.

Nuruana akasubu pistoni. Vijiti vyake vilijaa hadi pembeni. Bajaji ikaondoka kimya, kama kitu cha ndotoni. Kwenye kona ya kwanza ya mlima mota ikachemka, ikazimika, kwa kuwa pistoni hupitisha umeme kwa shida.

Desturi ya karakana ni kwamba aliyeharibu huvunja kazi yake kwa mkono wake. Wakaketi bega kwa bega, wakigonga. Mwasiti aliacha nyundo, akaweka kipande cha waya kando ya kipande cha pistoni.

"Wifi, nipe upawa mmoja wa uji wako."

"Leo waya unapiga hodi kwa pistoni? Na mwiko wa baba?"

"Baba alisubu sufuria. Sufuria haipandi mlima."

"Chota basi. Kidogo tu, usije ukasema nimekuchafua."

Akachota kidogo, akakichanganya na uji wa waya. Safari hii uji ulitambaa polepole, ukaijaza kalibu yote, ukapoa bila ufa.

Alfajiri bajaji na dereva wake ilipanda ukunguni, taa yake ikififia kona baada ya kona, mpaka ikabaki sauti nyembamba, kisha hata sauti haikuwapo. Jua lilipochomoza ikarudi. Mdogo mtu alikuwa ameketi wima, mikono tumboni. Mwasiti akaishika mota kwanza: ilikuwa vuguvugu tu.

"Dada, mbona unaipapasa mota na mimi hunisalimu?"

Nuruana alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akasema, kwa mara ya kwanza, maneno mliyoyasikia leo: waya haujazi kalibu, pistoni haipandi mlima.