Fisi Aliyekuja Kuihifadhi Ngoma

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitika kama mna homa? Paukwa!
Pakawaaa!

Haya. Palikuwa na wazee wawili wapiga muziki: Bi Nyenje wa zeze na Mzee Chura wa ngoma. Vijana hawakuwasikiliza tena, na ngoma ilikuwa imebaki moja tu.

Siku moja akaja Fisi, kamera shingoni, tumbo mbele.

"Shikamooni, wazee! Nimekuja kuwapiga picha kabla hamjafa."

"Marahaba," akajibu Bi Nyenje. "Karibu. Lakini kufa hatujapanga."

Mzee Chura akavaa kanzu, Bi Nyenje kanga mpya. Wakapiga: ti-ti-ti, zeze, du! du! ngoma.

"Acheni kupiga!" Fisi akafoka. "Mnanitikisia picha. Vueni hizo nguo, vaeni magunia."

Wakavaa magunia. Mzee Chura akatabasamu.

"Usicheke! Nataka huzuni. Nyinyi ndio wa mwisho."

Kacha! Kacha! Kisha Fisi akaitazama ngoma, mate yakamdondoka.

"Na hii ngoma naichukua nikaihifadhi."

Bi Nyenje akayaona mate yale. Ngozi ikiingia kwa Fisi haitoki. Bila ngoma ile, wangekuwa wa mwisho kweli.

"Ichukue, bwana," akasema kwa upole. "Ila huzuni yetu ya kishamba. Wewe bingwa, hebu tuonyeshe ya kitaalamu."

Fisi kwa kupenda sifa! Akavua kamera, akavaa gunia, akaikumbatia ngoma, akakunja uso.

"Hivi?"

"Zaidi kidogo. Mwenye huzuni hana ngoma."

Akaiweka chini. "Hivi?"

"Zaidi kidogo. Mwenye huzuni hufumba macho, na hafumbui mpaka aambiwe."

Akafumba. Bi Nyenje akairukia kamera. Kacha!

Wazee wakabeba ngoma, zeze na kamera, hao! Picha wakaipeleka mjini, chini yake wameandika: "Fisi wa mwisho duniani, anakufa njaa." Watu wa mjini walivyolia! Wakaja mbio na kizimba, wakamkuta Fisi bado kafumba macho.

"Jamani, mimi ndiye mpiga picha!"

"Tunajua, mzee wetu. Pole." Wakamfungia ndani, wakampa mchicha.

Funzo, wanangu: mgeni akija kukuhifadhi, mtii kwa kila kitu. Na ngozi zenu mpeni Fisi, kwake ziko salama kabisa.

Mimi nimeishia hapo. Anayebisha akamuulize Fisi mwenyewe. Kumtazama ni asubuhi tu, na msimchekeshe.