Kiota Kisichovutwa

Paukwa!

Pakawa!

Nyinyi wa huko nyuma mna nini, mmeshiba sana? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, bibi yangu hajazaliwa, palikuwa na mgunga ulioinamia mto. Juu ya mgunga walikaa minana, wale ndege wadogo wa manjano wanaosuka viota. Chini, majini, alikaa Mamba. Mkumbukeni Mamba. Mimi naweza kumsahau, nyinyi msimsahau.

Minana walikuwa na desturi yao. Dume anafunga fundo la kwanza kwenye tawi. Anasuka, anasuka, mpaka kiota kinaning'inia. Kisha anamwita jike, "Njoo uvute!" Jike anakuja. Anakishika kiota kwa miguu, anakivuta, vuu! vuu! Kikikatika, dume anaanza upya, wala hanuni. Kikistahimili, jike anaingia, anataga. Ndivyo walivyoishi, na mvua zilikuja zikapita.

Mwaka mmoja wakagombana. Wa tawi la juu wakasema, "Wa chini wavivu!" Wa tawi la chini wakasema, "Wavivu nyinyi, mnaimba tu!" Kelele kutwa, kelele kucha. Mwisho wakachoka, wakasema, "Tumwite Hondohondo atupime."

Mnamjua Hondohondo? Yule ndege wa mdomo mkubwa, sauti kubwa. Kusuka hajui, yeye hulala kwenye tundu la mti. Akaja, akatazama, akasema, "Hili jambo rahisi. Kila kiota kikimalizika, natoboa alama kwenye shina. Tok! Tawi lenye alama nyingi ndilo hodari. Na mnana mwenye alama chache kuliko wenzake, mvua ikianza, hana nafasi mtini hapa."

"Na kiota kikivutwa kikakatika?" akauliza Mashavu, jike aliyekuwa karibu kutaga.

"Kilichokatika si kiota, mama. Hakina alama."

Loo! Minana si wazito wa kuelewa. Kesho yake mti mzima ukawa tok! tok! tok! Fundo la kuzungushwa mara nyingi likazungushwa mara moja. Na jike akikaribia kuvuta, wanampigia kelele, "Usivute! Usivute! Unatuharibia hesabu!" Viota vikajaa matawini mpaka jua halipenyi. Mamba akatoa kichwa majini.

"Hongereni, majirani. Sijapata kuona mti umejaa namna hii."

Wakamshukuru. Jamani, wakamshukuru!

Mumewe Mashavu akiitwa Kombo. Kombo alikuwa bado anafunga fundo la kwanza asubuhi nzima, kama alivyofundishwa na baba yake. Alama zake chache. Wenzake wakamjia juu, "Kombo, unatuangusha! Tawi letu linashindwa kwa sababu yako." Hondohondo naye akasema, "Kombo, wewe ndiye wa mwisho. Yale mawingu unayaona?"

Kombo aliyaona. Akaogopa. Wakifukuzwa, mkewe atataga wapi? Akasuka haraka haraka. Tok!

Mashavu akaja, akakishika kiota kwa miguu.

"Usivute, mke wangu. Nakuomba. Kikikatika tunafukuzwa."

"Fundo umelifunga vizuri, mume wangu?"

Kombo akatazama maji. "Ingia tu."

Mashavu akaingia. Hakuvuta. Akataga, akaatamia, makinda wakatoka. Uchi, vichwa vikubwa, macho hayajafunguka. Wabaya kweli, na yeye aliwapenda mpaka hakuweza kulala.

Mvua ikaja mchana. Ikaja na upepo wake, vuuu! Kiota kimoja kikakatika. Pwaa! Kingine. Pwaa! Pwaa! Mamba hakujisumbua hata kuogelea. Alifungua mdomo, akangoja.

Mashavu alikuwa ametoka kutafuta wadudu. Alirudi mbio, akaona fundo la kiota chake linafunguka. Akakirukia, akakishika kwa miguu, akavuta. Safari hii alivuta kwenda juu. Vuu! vuu! Ndege mwepesi vile atavuta nini?

Pwaa!

Mvua ilipokatika Hondohondo akatoka tunduni, mkavu. Akatazama shina. Alama zote zipo, hata moja haijapotea. Akasema, "Tawi la juu limeshinda."

Hakuna aliyeshangilia. Mashavu akaja akatua mbele yake, amelowa chapachapa.

"Bwana Hondohondo. Watoto wangu umewatobolea alama wapi?"

Hondohondo akatazama shina juu, akatazama shina chini. Hakuwa mwongo, hesabu yake ilikuwa sahihi kabisa.

Kombo akaenda akaleta unyasi mmoja. Akafunga fundo la kwanza. Akalizungusha, akalizungusha tena. Jioni akaita, "Njoo uvute."

Mashavu alikuwa amekaa tawi la juu, anatazama maji. Hakuja.

Mmenyamaza? Basi sikieni, wakubwa na wadogo, hasa nyinyi wakubwa mnaopenda kuhesabu kazi za wenzenu. Ukiwapima watu kwa kitu kimoja, watakuletea hicho kimoja kwa wingi, na kile ulichokitaka hasa watakiacha kianguke. Na wewe unayepimwa, ukijua fundo ni bovu, sema kabla mwenzio hajaingia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayetaka aivute, aone kama itakatika.