Mwajabu na Viazi vya Kelele

Paukwa.

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa moto!

Na juu ya moto?

Karai!

Na ndani ya karai?

Tuambie wewe, mwenye mwiko!

Basi sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Hapo kale, si kale sana, milimani kule ambako ukungu hulala mpaka jua lichoke kuusubiri, palikuwa na mwanamke jina lake Mwajabu. Mumewe, Mbaruku, alikuwa tambarare akikata mkonge. Nyumbani alibaki Mwajabu na mama mkwe wake, Bi Sikudhani.

Bi Sikudhani alikuwa amefiwa na mzee wake, na tangu siku ya maziko mdomo wake ulikataa chakula. Mwajabu alipika uji. Bibi akaonja, akageukia ukutani. Alipika makande. Akageukia ukutani. Alimchinjia kuku, tena kuku wa mwisho. Akageukia ukutani. Mwili ukawa unakwisha kama sabuni iliyosahauliwa majini. Nyinyi mliowahi kuuguza mnajua: mgonjwa asipokula, njaa inamuuma anayemuuguza.

Siku moja bibi akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, labda viazi vya kukaanga. Vile alivyokuwa akiniletea marehemu kutoka gulioni."

Mwajabu akakaanga. Vikatoka vimelegea kama kamba iliyonyeshewa. Bibi akageukia ukutani. Akakaanga tena. Vikatoka vyeusi nje, vibichi ndani. Ukutani. Na mwaka ule baridi ilikuwa imeunguza mashamba, hata kapuni vikabaki viazi vya kupikwa mara moja tu. Vikiharibika hivyo, basi.

Sasa sikilizeni. Palikuwa na jirani, jina lake Shehoza, rafiki wa Mbaruku. Shamba la Shehoza lilikuwa upande wa jua, baridi haikuligusa, na ghala lake lilijaa mpaka mlango ukawa haufungi. Lakini Shehoza hakupenda kula vyake. Jiko la jirani likitoa moshi, yeye yuko mlangoni. Na desturi ya kule haikuruhusu kumnyima mgeni aliyekukuta na chakula. Shehoza akikaa, anakula. Akila, anamaliza.

Mwajabu akamenya vile viazi vya mwisho, akavikata vipande virefu vyembamba. Hajawasha moto sawasawa, akasikia, "Hodi hapa."

Akavitumbukiza viazi vyote kwenye beseni la maji baridi, akatupia kanga juu yake.

"Karibu, shemeji."

"Nimekuja kuomba kaa la moto," Shehoza akasema, macho yanazunguka. "Unafanya nini?"

"Nafua, shemeji. Nguo za mgonjwa."

"Mbona maji meupe hivyo?"

"Si ndiyo sabuni yenyewe."

Shehoza akakaa. Akazungumza habari za mvua, habari za mbuzi, habari za watu waliokufa zamani. Alipoona hakuna kinachopikwa, akachukua kaa lake akaenda zake. Mwajabu akafunua beseni. Maji yalikuwa yamekuwa kama tui, viazi vimekuwa vigumu, vinateleza. "Nimeviharibu," akawaza. Akavisuuza, na kwa kuwa kitu chenye maji hakitiwi katika mafuta ya moto ila na mtu aliyechoka na macho yake, akavifuta kwa kanga safi mpaka vikakauka kabisa.

Akavitia karaini. Moto ulikuwa wa wastani, mafuta yakawa yanachemka polepole, tititi, tititi. Viazi vikaiva, vikawa laini, lakini rangi hata kidogo. Vyeupe kama mwezi wa mchana.

"Hodi hapa."

Mwajabu akavichota, akavitandaza kwenye ungo, akaupandisha ungo juu ya uchaga wa kuni na kuufunika.

"Karibu, shemeji."

"Naomba chumvi kidogo. Ila nimesikia harufu ya mafuta."

"Napasha mafuta ya kumchua mama mgongo."

Shehoza akachungulia karaini. Mafuta matupu. Akatazama huku, akatazama kule, ila juu hakutazama. Akasema baridi imemzidi, akakaa mekoni. Huku akizungumza akasukuma kuni ndani, akasukuma na nyingine, akapuliza. Moto ukawaka mpaka ukaramba karai ubavuni. Alipokwisha kuota, akaaga.

Unadhani alikwenda mbali? Alisimama nyuma ya migomba.

Mwajabu akashusha ungo. Viazi vilikuwa vimepoa, vimesinyaa kidogo, vimejikunja juu. Machozi yakamlengalenga. Kwa nini aliyefiwa aombe kitu kimoja tu, na hicho kimoja kishindikane? Lakini hakuwa na vingine. Akavirudisha karaini, na mafuta safari hii yalikuwa ya moto kwelikweli kwa kazi ya Shehoza.

Chwaaa!

Kufumba na kufumbua, vikageuka rangi ya dhahabu. Akavitoa haraka, akavitikisa, akanyunyiza chumvi. Vikalia ndani ya sahani kama vikombe mkononi mwa muuza kahawa. Akachukua kimoja, akauma.

Kwaruu.

Jamani, nyumba nzima ilisikia. Nje laini hakuna, ndani gumu hakuna. Akauma tena. Kwaruu.

"Hodi hapa."

Mwajabu akanyamaza na kiazi mdomoni. Akitafuna, kitalia. Asipotafuna, hawezi kusema karibu. Shehoza akaingia bila kukaribishwa.

"Shemeji, unatafuna nini?"

Mwajabu akatikisa kichwa, mashavu yamejaa. Shehoza akapiga hatua kuelekea kwenye sahani. Hapo sauti ikatoka chumbani.

"Mwajabu. Unatafuna nini huko, mwanangu? Niletee na mimi."

Mwajabu akameza bila kutafuna. Akaibeba sahani, akapita mbele ya Shehoza kama hamwoni.

Bi Sikudhani alikuwa ameketi kitandani mwenyewe. Akachukua kiazi. Kwaruu. Akachukua cha pili. Kwaruu. Cha tatu akakitazama kwanza, akacheka peke yake, machozi yanamtoka. "Marehemu angekuwepo," akasema, "mimi nisingepata hata kimoja." Kwaruu.

Kisha akasikia mtu akimeza mate mlangoni.

"Nani huyo?"

"Ni mimi Shehoza. Shikamoo, mama. Nimekuja kukujulia hali."

"Marahaba. Hali yangu ndiyo hii, inatafuna. Chukua kimoja."

Shehoza akachukua, akala, akafumba macho. Mkono ukarudi kwenye sahani. Bibi akaifunika kwa upande wa kanga yake.

"Mwanangu, leo pua yako imekuja kwangu tangu asubuhi. Mkono wako umekuja na kitu lini?"

Shehoza akainamisha kichwa. Akatoka bila kuaga, na Mwajabu akadhani amekasirika. Kumbe alikwenda ghalani. Akarudi na gunia begani, jasho linamtiririka.

"Mama, mla cha mwenzio na chake huliwa," akasema. "Ila shemeji anifundishe jinsi vinavyopikwa."

"Umenifundisha wewe," Mwajabu akamjibu, na akamweleza yote, nguo za mgonjwa na mafuta ya kuchua. Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. Shehoza naye akacheka, mwishowe.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Siku ile Bi Sikudhani alitoka nje kwa miguu yake, akaketi mekoni, akashika kisu. Mwajabu alikata, Shehoza alimenya, tena alimenya vingi. Wakaviloweka, wakavikausha, wakavikaanga, wakavipumzisha, wakavikaanga tena. Na mlango wakauacha wazi, maana kwa kelele ile, kuufunga kungesaidia nini?

Ngano yangu imeiva, naiepua. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa imelegea, nirudishieni niikaange upya.