Programu ya Maji ya Sultani Shangama

Hapo zamani, si zile za mababu bali zile ambazo hata masultani walikuwa na kompyuta, Sultani Shangama aligawa maji ya mji wake kwa programu ya Python. Makarani wengi walikuwa wameiandika, kila mmoja akibandika kiraka juu ya kiraka cha mwenziwe, na majina yaliyomo yalikuwa a, aa na x2, hata ikawa hapana aielewaye. Mtaa wa Wasusi ulikauka, na kila walipolalamika waliambiwa kwamba programu haina upendeleo.

Basi Sultani akachoshwa na manung'uniko, akamwita Kombo Kisoda, fukara wa mtaa ule ule, hodari wa Python na mvivu wa kila jambo jingine. Akamwambia mbele ya baraza, "Iandike upya hata mtoto aisome, watu wauone uadilifu wangu. Lakini kazi yake isibadilike hata chembe. Tone likienda lisikokwenda jana, kichwa chako halali yangu."

Kombo akaitikia, huku akishawishika, maana mama yake alikuwa akichota tope, na kuyageuza maji yaende kwao kulikuwa kazi ya kidole kimoja. Lakini kichwa nacho alikipenda. Basi akafungua mafundo, akaondoa yaliyojirudia bure, na kila kitu akakipa jina la kazi kiifanyayo. Akajaribu milango ya mifereji, ikafunguka na kufungwa vilevile kama zamani.

Siku ya baraza watu wakajaa, na Sultani akasoma mwenyewe, kwa madaha:

"Jaza hamamu ya Sultani. Nywesha farasi wa Sultani. Jaza tena hamamu ya Sultani, isije ikawa imepungua. Kikibaki kitu, wape Wasusi."

Hapana aliyethubutu kucheka, na hapana asiyetamani.

Waziri akataka kichwa cha Kombo pale pale. Lakini msimamizi wa mifereji, alipoulizwa, akaapa kwamba hata tone moja halikuhama. Basi Sultani akainama, akamnong'oneza Kombo ayarudishe majina ya kale, a na aa na x2.

"Nitayarudisha sasa hivi, Bwana wangu," akajibu Kombo. "Lakini watu wamekwisha kusikia, na Python haina amri ya kulifuta hilo."

Sultani akawatazama watu, kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa na mtego wake mwenyewe. Akaliondoa sharti lake kwa kinywa chake, akaamuru Wasusi watangulizwe, na Kombo akamfanya msimamizi wa programu. Jioni ile watu wa Mtaa wa Wasusi walijaza mitungi, na Sultani akaoga kwa kata.