Fisi na Dawa ya Heshima

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ndoa na presha kama sisi, palikuwa na Nyati mmoja mwenye mwili wa kuziba mlango. Ninyi vijana mnaokaribia kuoa sogeeni, na anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana Nyati huyu nguvu za kiume zilikuwa zimemwishia. Mkewe hakuwa amesema neno. Nyati mwenyewe ndiye aliyeona haya, akawa kila akirudi nyumbani anajifanya amechoka na malisho.

Tena alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kifua kikimbana, aliweka chini ya ulimi kidonge alichopewa na Bi Korongo wa zahanati, kikaachia.

Basi akaja Fisi na kibuyu cha unga.

"Dawa ya heshima," akanong'ona. "Mizizi mitupu. Kijiko kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, na heshima ya nyumba inarudi."

"Nani mwingine ametumia?"

"Siri ya mgonjwa, Mzee wangu. Lakini mwangalie Ngiri, siku hizi anatembea mkia juu."

Sasa, kwenye mawe ya uani pale alikaa jirani yao Pimbi, kadogo hivi, na si mtu wa kuamini kitu. Hata ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono nje kwanza. Alikuwa ameshamhoji Ngiri. Ngiri alikiri kwamba akinywa unga ule kichwa kinamgonga, go go go, uso unawaka, na nyasi zote anaziona bluu. Na kila mara inaanza baada ya saa moja. Pimbi akajiuliza, mizizi gani hii yenye saa? Tena chini ya kucha za Fisi aliona vumbi la bluu.

Akaingia ndani. "Mganga, Mzee ana kidonge chake cha moyo. Havitagombana?"

"Mizizi haigombani na mtu," akasema Fisi.

"Tumuulize Bi Korongo kwanza."

Nyati akakunja uso. "Nikamwambie nini mwanamke yule? Afadhali nife."

"Ndicho ninachokiogopa, Mzee."

Lakini Nyati alishashika kijiko. Pimbi akaona hapa maneno hayafui dafu.

"Basi nikukorogee mimi," akasema. Akaenda jikoni, akachota maji kwa kata, akatia unga, koroga koroga. Aliporudi, kata hakumpa Nyati. Akampa Fisi.

"Toa uchawi, Mganga."

Mnajua kwetu. Anayekuletea kinywaji au dawa huonja yeye kwanza, ndiko kutoa uchawi, na akikataa hakaribishwi tena. Fisi akatazama mlango. Nyati alikuwa ameuziba. Fisi akacheka kidogo, akapiga mafunda, gu gu gu, akafuta mdomo.

"Mmeona? Mizizi mitupu."

"Alhamdulillahi," akasema Pimbi. "Maana humo nimeyeyusha vidonge viwili vya Mzee vya moyo. Vikipatana tumboni mwako, na mwake vitapatana."

Kata ikaanguka, puu. Fisi akatia kidole kooni.

"Mmeniua! Hivi viwili havikai tumbo moja! Presha inashuka, mtu anaanguka haamki! Mwiteni Bi Korongo!"

"Kwa mizizi tu?" akauliza Pimbi.

"Mizizi gani! Ni vidonge vya mjini, nimevitwanga mwenyewe! Niliambiwa kabisa, mwenye dawa ya moyo asiviguse!"

Nyati akamgeukia Fisi.

"Ulijua," akasema. "Ulisikia habari ya kidonge changu, ukaniachia nishike kijiko."

Pimbi akafungua kiganja. Vidonge vya Nyati, alivyovichukua jikoni, vilikuwa vyote, vizima. "Nilitia sukari," akasema.

Nyati akapisha mlangoni, na Fisi akatoka mbio, na baada ya saa moja kichwa kikawa kinamgonga, nyasi zote bluu.

Kesho yake asubuhi Nyati alikwenda zahanati, na mkewe akamsindikiza. Bi Korongo hakucheka.

"Dawa hiyo ipo kweli, na wengine inawafaa, wakishapimwa," akasema. "Kwako, kwa kidonge hicho, ni hatari. Na nguvu kupungua huenda ni moyo wako ulikuwa unalalamika mapema. Ungekuja mapema. Haya, kaa hapo tukupime, tutafute njia nyingine."

Njiani mkewe akamwambia, "Heshima yangu mimi ni wewe uwe hai, Baba. Hayo mengine ungeniuliza."

Basi wajukuu zangu, dawa unayoona aibu kumtajia daktari, usiimeze.